Nilikamatwa kwa Kutoroka Kazi Ambayo Sikuwahi Kuipata

Askari walinikamata sokoni Dodoma kwa kosa la kutoroka kazi ya reli.

Kazi yenyewe nilikuwa naitafuta tangu mavuno. Sijaipata.

Nikadhani wananitania. Kofi la kwanza likanijulisha hawatanii.

Ilikuwa enzi za Mjerumani, reli ndiyo kwanza inafika kwetu Ugogo. Ukitoroka kazi, unalazwa kifudifudi bomani, unakula viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na tano.

Bomani nikamkuta Halfani, nyapara wa reli. Huyu ndiye aliyeliandika jina langu, Methusela wa Mkonze, kwenye daftari la kazi, kisha kila nikirudi ananiambia, "Nafasi bado. Pitapita."

"Ndiye huyu," akamwambia bwana mkubwa wa Kijerumani. "Kafanya kazi mwezi mzima, juzi katoroka."

Damu ikanichemka.

"Halfani, sururu yako nimeishika lini?"



Mara mke wangu Loisi, aliyesikia habari zangu sokoni, akaingia anahema, mtoto mgongoni.

Loisi alikuwa na tabia iliyoniudhi sana. Kila jioni, kabla sijala: leo umeomba wapi? Umeongea na nani? Kakujibu nini? Na yote anayashika kichwani, nisirudi nilikokataliwa, nisisahau nilikoambiwa nirudi.

"Bwana," akasema, "mwezi huo mume wangu aliomba kwa Mhindi wa duka, akakataliwa. Misheni wakamwambia asubiri mvua. Akaenda Bahi kuomba kuchunga, akalala huko. Waulize."

"Anamtetea mumewe tu," Halfani akadakia.

"Na mwezi huo huo, siku aliyokufa farasi wako, bwana, alikuja hapa kuomba kufagia. Ukamfukuza mwenyewe."



Mjerumani akanitazama weee.

"Kweli," akasema. "Namkumbuka."

Halfani akabanwa, akatapika yote. Jina langu lilikuwa linachukua posho ya unga, na unga unaishia kwake. Mkaguzi alipokuja kuhesabu watu, mmoja hayupo. Ndipo Halfani akasema nimetoroka.

Unga unaliwa kwa jina langu, wanangu wanalala njaa! 

Viboko vyangu akala yeye. Mimi sikuombwa hata radhi. Bwana mkubwa alisema tu, "Jina lako lipo tayari. Kesho uje kazini."

Nikaenda, nimefura kwa hasira hivyo hivyo. Ningefanyaje?

Wewe unayetafuta kazi, kila mlango unaogonga na kila jibu unalopewa, msimulie mtu wa nyumbani. Usipofanya hivyo, wapo watakaokuja kukueleza wewe ulikuwa wapi.