Kelele Si Mwendo

Nakumbuka mchana mmoja pale Ruaha Mbuyuni, jua kali, wauza vitunguu wanagonga mlango wa lori letu, na mimi nimeshika simu sikioni nashindwa hata kuwajibu. Jirani alikuwa ananiambia kwamba dada yangu Neema, aliyenilea tangu tulipofiwa na wazazi, amezidiwa hospitali, Iringa. "Ukitaka kumwona, njoo leo," akasema. Sikuwa na mtu mwingine duniani, mwanangu. Ni yeye tu.

Ndiyo kwanza nilikuwa napewa usukani siku hizo. Mzee Kihwele, dereva wa miaka mingi, alikaa pembeni yangu akinifundisha. Tulibeba saruji ya kwenda Mbeya, na mbele yetu kulikuwa na mlima Kitonga. Nilimweleza habari ile. Akanipa pole, wala hakuninyang'anya usukani.

Basi nikauvamia ule mlima kwa hasira. Unaijua ile saa ya mizunguko ya injini pale kwenye dashibodi, yenye sehemu ya kijani na sehemu nyekundu. Mimi nikang'ang'ania gia ndogo, mafuta nimekanyaga hadi mwisho, mshale ukaingia kwenye nyekundu ukakaa humo. Injini inalia kama mbuzi anayechinjwa, na mimi najiona nakimbia kweli kweli. Ujana una mambo yake.

Mzee Kihwele alivumilia kona ya kwanza. Ya pili akasema, "Wewe, kelele si mwendo. Pandisha gia, irudishe kwenye kijani."

"Mzee, dada yangu anakufa."

"Najua. Ndiyo maana nataka tufike."

Nilimchukia pale pale, nisikufiche. Lakini nikapandisha gia. Mshale ukashuka, sauti ikatulia ikawa nzito, na lori likaendelea kupanda vile vile. Mlima ulipozidi, mshale ukawa unateremka kuelekea mwisho wa kijani, akaniambia nishushe gia mapema, maana gari likishachoka mlimani gia hukataa kuingia. Mwendo wenyewe haukupungua, mwanangu. Kilichopungua ni moto.

Karibu na kilele tukakuta matawi ya miti yamewekwa barabarani, na lori limekufa kwenye kona, injini imechemka mpaka imegoma. Dereva wake, kijana wa rika langu, alikaa peke yake juu ya jiwe akitazama magari yanavyompita. Mzee akampungia mkono, wala hakunigeukia mimi. Hakuwa na haja. Nilijiona mwenyewe juu ya lile jiwe.

Dada nilimkuta. Amekonda, sauti haitoki vizuri, lakini alinijua. "Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe chetu, akanishika mkono, akauliza, "Umekula?" Nikasema nimekula, na wala sikuwa nimetia kitu mdomoni. Kesho yake akafariki.

Tangu hapo nimeendesha hadi Tunduma, hadi Chunya kwenye vumbi, nimekula kwenye vibanda visivyo na idadi, na hakuna aliyewahi kuniuliza vile tena. Upweke ni uvundo, na kazi yetu hii imejaa upweke. Sasa nakaa hapa Ipogolo, jioni nasikiliza malori yanavyobadili gia. Namjua anayeisikiliza injini yake na anayeitesa. Huyo wa pili namsonya humu humu ndani, na hakuna wa kuniuliza ninamsonya nani.

Kesho unakabidhiwa lori lako. Zima redio ukifika mlimani, usikilize. Pandisha gia kabla mshale haujagusa nyekundu, shusha kabla haujatoka kwenye kijani. Na siku moyo wako utakapokuwa unaungua, ndiyo siku ya kuangalia ile saa kuliko zote, kwa sababu injini haijui kwamba una msiba. Kawia ufike. Mtu anakusubiri wewe, hasubiri kelele za gari lako.

Nenda basi. Mungu akutangulie, breki zako zishike, kila mlima uupande na kuuteremka salama. Na ukipita Ipogolo, simama kidogo, hata kama una haraka. Nataka nikuulize kama umekula.