Kaa Mwekundu wa Afande Docus

Jumamosi, tarehe 11 Machi 2023, basi liliondoka Mbale saa moja na dakika kumi asubuhi, likafika Jinja saa nne na dakika ishirini na tano. Hapo nilipanda bodaboda, nikafika Budondo saa tano na dakika tano, nimekumbatia boksi la plastiki. Saa hizo nazijua kwa hakika kwa sababu Afande Docus Aber aliziandika kwenye daftari nikiwa bado mlangoni pake.

"Nandutu, kutoka Jinja hadi hapa ni dakika ishirini na tano. Hizo kumi na tano ulikuwa wapi?"

"Bodaboda aliweka mafuta, Afande."

"Kituo gani?"

Nilimtajia. Akaandika, ndipo akafungua boksi.

Ndani alikuwamo kaa wa nchi kavu, mwekundu kama nyanya iliyoiva, mwenye vidoa vyeupe, amejikunyata katika gamba tupu la konokono wa baharini, kama jamii yake inavyoishi. Afande alikuwa na wengine sita wa kijivu, wa pwani ya Kenya. Huyu alimsubiri miezi minane. Sulait, muuza samaki wa mapambo kule Malukhu, Mbale, alisema ametoka Indonesia kupitia Mombasa, akatuma na karatasi yenye muhuri uliofifia. Afande aliielekeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akasema tu, "Tutaona."

Alikuwa askari magereza kwa miaka ishirini na tisa. Alipostaafu, majirani walitarajia afuge kuku. "Kuku hupiga kelele hata akiwa hana kosa," aliniambia siku nilipokwenda kumfungia taa ya joto juu ya tanki la kioo. Mimi nilisomea umeme katika chuo cha ufundi. Kaa wake aliwahesabu kila siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa moja jioni, kisha akatia saini.

Jumatano, tarehe 22 Machi, hesabu ya jioni ilitoa sita. Mwekundu hakuwapo.

Nilipofika alikuwa amekwisha kukagua kifuniko, pembe zote na nyuma ya kabati. Mchanga ulikuwa tambarare, hauna shimo wala alama.

"Jumapili Sulait alikuja hapa," alisema. "Eti anakwenda Kampala. Mtu wa Kampala anaacha barabara kuu kuja Budondo kuomba maji ya kunywa? Nilikuwa jikoni dakika mbili."

Ijumaa tulikwenda Malukhu. Sulait alikuwa akibadilisha maji ya samaki.

"Karibu, Afande! Mwekundu wetu hajambo?"

"Wewe ndiye utakayeniambia. Hayupo."

Sulait aliweka ndoo chini. "Umechimba?"

"Nichimbe nini? Mchanga haujaguswa."

"Alhamdulillahi. Usichimbe. Amejizika mwenyewe, anabadilisha ngozi. Sasa hivi huko chini ni laini kama mtoto mchanga, ukimgusa umemuua. Mwache siku sitini."

"Mwizi yeyote huomba muda."

"Wallahi, Afande, nimwibe kaa nimpeleke wapi? Nimtie kwenye pilau?"

Afande hakucheka. "Jumapili ulifuata nini kwangu?"

Kicheko cha Sulait kilikatika. "Maji," akasema, akageukia ndoo yake.

Afande alimpa siku thelathini, maana katika kazi yake ya magereza aliyeomba sitini hakupewa sitini. Njiani nilimweleza kwamba nami nimesoma kwenye simu habari za kaa kujizika, na kwamba huenda Sulait anasema kweli. Alinigeukia. "Na wewe ndiye uliyembeba," akasema. Sikuligusa tena jambo lile, na hadi leo nadhani ilinipasa kuligusa.

Kifuniko cha tanki alikizungushia utepe wa karatasi wenye gundi, akatia saini juu ya kila kiungo. Aliifungua kona moja tu, ya kupitishia chakula na maji, na kuifunga upya kila mara.

Jumapili, tarehe 23 Aprili, baada ya ibada, alichukua kijiko cha chai. Mimi nilishika tochi. Simu ilikuwa mezani, sauti ya Sulait ikisikika chumba kizima: "Afande, nakuomba kwa Mungu, ngoja!"

"Kama ungejibu swali la Jumapili ile, ningengoja."

Alichimba polepole, kona baada ya kona. Kwenye kina cha kiganja kijiko kilitoboa paa la kijipango, nalo likaporomoka. Kwanza tuliona miguu myekundu, mikavu, haina kitu ndani. "Wamemuua," alisema. Kisha kando ya ngozi hiyo tupu kitu cheupe, laini, kikatikisa kipapasio kimoja.

Afande alitupa kijiko, akarudisha mchanga kwa vidole, haraka. Akaichukua simu. "Alikuwapo," akasema, akakata.

Jumatano jioni alimkuta juu ya mchanga, nje ya gamba, amekufa. Kwenye daftari aliandika "sita" na saa. Sababu hakuiandika.

Mwaka uliofuata, mwezi Machi 2024, Afande alimwomba Sulait amtafutie mwingine, akajibiwa kwamba aina ile haiingii tena nchini. Wiki hiyo hiyo niliitwa Malukhu kutengeneza pampu katika chumba cha nyuma cha duka lake. Ndani ya tanki lililofunikwa gunia walikuwamo kaa wawili wekundu, wenye vidoa vyeupe. "Jumapili ile nilipita kuona kama yule anatunzwa," Sulait alisema, akilirudisha gunia, "na hawa simpi."