Kidole cha Bibi Harusi

Kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Kangemi mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi ni Mama Stacy. Jirani yangu hana mtoto na hakuwahi kuolewa, kwa hivyo anaitwa Peres tu, na miaka yake hamsini yote hiyo.

Kazi yake ni kutengeneza ngozi bandia, kwenye karakana moja Westlands. Huchanganya silikoni na rangi tone kwa tone hadi ifanane na mwili wa mteja, kisha huchora mishipa kwa brashi nyembamba. Walioungua na waliokatwa vidole na mashine hukaa naye dirishani mchana kutwa, amewashika mikono, wakimweleza siri ambazo hata nyumbani hazijulikani. Ngozi ikishakamilika, wanapotea. Akikutana nao barabarani wanatazama kando. Mimi ningewaita kwa sauti. Yeye huvuka upande wa pili.

Nyawira alikuwa tofauti, au ndivyo Peres alivyojidanganya. Gesi ya kupikia ilimuunguza mikono yote miwili, ikamwachia pengo pale pa kidole cha pete. Kwa kawaida umbo la kidole hutolewa kwenye mkono mzima wa mteja, lakini yeye hakuwa na mkono mzima. Peres akachovya wake mwenyewe kwenye uji wa kutolea umbo, kidole kikatolewa hapo. Pete ya harusi ilipoletwa kujaribiwa iliteleza ikakaa, wakacheka hadi machozi. Nyawira akamwahidi kiti cha mbele, katikati ya jamaa zake, kwenye harusi yake kule Mutuini. Peres akanunua gauni la zambarau. Mimi nimeonyeshwa gauni hilo hadi nikachoka.

Wiki ya harusi, Nyawira alirudi kurekebishiwa gundi inayoshikilia kidole.

"Auntie, usikasirike," alisema. "Ukikuja wataniuliza tulijuana aje. Mathe ya Kibe hajui hii mambo ya kidole."

Kibe ndiye bwana harusi, na mathe ni mama yake. Mimi ningemjibu huyo msichana hadi ajute.

"Lete mkono niangalie gundi," Peres alimwambia.

Jumamosi, siku ya harusi, Peres alivaa gauni lake, akakaa kitandani, mlango wazi. Nilipompelekea chai alikuwa akitazama picha za harusi kwenye simu. Pete ilikuwa imekaa vizuri. Chini ya picha watu walikuwa wamesifu vidole vya bibi harusi, na mmoja aliuliza anapaka mafuta gani. Peres aliikuza picha akitafuta mahali ngozi yake ilipokutana na ya Nyawira, asipaone. Akaandika, "Hongera mwanangu." Akayatazama maneno hayo kwa muda, kisha akayafuta.

"Mtu anaweza kuuliza huyu ni nani," aliniambia.

Nikautazama mkono wake wa kushoto ulioshika simu, na kidole kilekile kilichotoa umbo, hakina pete. Mimi ndiye niliyelia. Yeye aliniambia chai inapoa.