Mpira Wangu kwenye Ukaguzi wa Jumamosi

Siku hizi tunakaa Ntinda kwa shangazi. Choo kiko ndani ya nyumba, mlango una kitasa kinachofunga, na bado naikumbuka kambi ya jeshi ya Makindye, mabati yake na choo chake cha nje cha kugombania. Zaidi ya yote naikumbuka harufu ya Jumamosi asubuhi: rangi ya viatu, mafuta ya bunduki, na chai ya mama ikichemka.

Jumamosi baba alitukagua. Alitandika blanketi la jeshi uani, kila mtu akaweka vitu vyake juu yake: viatu, sahani, sanduku la shule, mwiko wa mama. Kisha alipita polepole, mikono nyuma, akiinama kutafuta kutu.

"Kutu ni adui," alisema.

"Mwiko ni mti, afande," mama alimjibu kutoka jikoni. "Kutu itatoka wapi?"

Baba hakucheka, ila masikio yake yalisogea kidogo. Hicho ndicho kilikuwa kicheko chake.

Nilipotoka hospitali, na mimi nikawa na kitu kipya cha kuweka kwenye blanketi. Niseme wazi hapa, maana uso kwa uso siwezi. Utumbo wangu mpana ulijaa vidonda, nikawa naharisha damu, mwisho ukakatwa wote. Daktari akachukua sehemu ya utumbo mwembamba akanishonea kifuko ndani ya tumbo, akaniachia tundu dogo chini ya kitovu, upande wa kulia. Ndani ya tundu kuna kizuizi, kwa hiyo hakuna kinachotoka chenyewe wala sivai mfuko wa nje. Kifuko kikijaa naingiza katheta, bomba laini la mpira, kwenye tundu, uchafu unateremka chooni, naichomoa, naiosha. Basi. Hospitali wanaiita katheta, nyumbani tuliiita mpira.

Mpira wangu wa kwanza ulikuwa mwekundu na mnene kama kidole changu kidogo. Mwanzoni niliuogopa, baadaye nikauzoea kama mswaki. Matroni wa bweni alikuwa amemwambia mama kwamba nitarudi shule nikiweza kujihudumia mwenyewe, bila mtu kuitwa usiku. Nisipoweza, nikae nyumbani. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Nilikuwa nimeshakaa nyumbani muhula mzima nikisikiliza tarumbeta za kambi, na wenzangu wanasonga mbele na vitabu.

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule nilimwaga kifuko asubuhi, nikauacha mpira kwenye blanketi, mama akanituma sokoni kununua ndizi za matoke. Niliporudi ilikuwa mchana na tumbo limekaza. Nikauchukua mpira. Uling'aa! Tena ulinuka kama ghala la silaha.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitambaa mkononi, amefurahi.

"Nimekusafishia," alisema. "Nimepitisha kitambaa ndani kwa kamba, kama bunduki yangu. Halafu mafuta. Sasa iko tayari kwa safari."

Nilikwenda chooni, nikauosha kwa sabuni, nikauosha tena. Mpira ulikuwa umekunywa mafuta asubuhi nzima, umevimba, unalegea mkononi. Nikaupaka jeli, nikauingiza taratibu. Ulipofika kwenye kizuizi ukajikunja kama tambi. Nikavuta pumzi, nikakohoa kama nilivyofundishwa, nikajaribu tena. Ukajikunja tena. Sista, muuguzi aliyenifundisha hospitali, alikuwa amenikanya nisilazimishe hata siku moja, kwa sababu kizuizi kikiumia ni kurudi kwenye kisu. Nje mtu akagonga mlango: "Wewe huko ndani, unapika?"

Nilitoka nalia. Mama aliuona mpira, akaunusa, akamgeukia baba.

"Wewe mwanaume! Umempaka mtoto mafuta ya bunduki?"

"Ni mafuta mazuri," baba alisema. "Ya serikali."

"Basi mpeleke hospitali na serikali yako!"

Baba aliomba pikapu ya kambi. Njia nzima alimwambia dereva apunguze mwendo kwenye mashimo, mimi nimeshika tumbo, nafikiria sanduku langu limefungwa bure. Sikuogopa kufa. Niliogopa matroni kusikia.

Sista alinikuta nimeinama kama bibi kizee. Aliushika mpira kwa vidole viwili.

"Afande, mafuta yanakula mpira. Maji ya vuguvugu na sabuni, unautundika ukauke. Hakuna kingine."

Baba alisimama wima kabisa. "Nimesikia, sista."

Sista akaweka katheta tatu kwenye trei. Ya kwanza ilikuwa nyembamba. Alisema hiyo ni ya mkojo, punje moja ya mahindi ingeziba matundu yake. Ya pili ilikuwa ya plastiki, ngumu, imenyooka. Ya tatu ilikuwa ya silikoni, nene, inaonyesha upande wa pili, ncha yake ya mviringo na matundu mapana.

Baba alionyesha ile ngumu. "Hii. Hii haikunjiki."

"Afande, nani anaitumia?"

Baba akashusha kidole. Sista akanigeukia. "Chagua wewe, mwanangu."

Sikuwa nimewahi kuchagua kitu mbele ya baba, hata soksi. Niliibonyeza ile ngumu kwenye kiganja, ikanichoma. Ile ya silikoni ilipinda, nilipoiachia ikarudi yenyewe. "Hii," nilisema, kwa sauti ambayo nadhani nilisikia peke yangu. Lakini sista alisikia.

Nilikwenda nayo chooni. Jeli, taratibu, kizuizi, pumzi ndefu. Ikapita. Upepo ulitoka kwanza, kisha vyote, na mimi nikakaa pale nacheka na machozi. Niliporudi, baba alikuwa bado amesimama.

Jumapili jioni alifanya ukaguzi usio wa kawaida, kwa ajili yangu tu. Alikuwa amekata mfuko wa chupa yake ya maji ya jeshi, wa turubai la kijani, akaushona uwe kifuko cha kubebea mpira. Aliuinua mpira dirishani, akachungulia ndani kama mtu anayekagua mtutu.

"Mpira nao una kutu?" mama aliuliza.

Masikio ya baba yalisogea. "Imepita," alisema.

Jumatatu nilirudi bweni. Hakuna aliyeitwa usiku. Wasichana walidhani kile kifuko cha kijani ni cha tochi, nikawaacha wadhani hivyo.

Sasa baba amehamishiwa kaskazini na kambi tumeiacha. Likizo hii mpira ulianza kukauka na kugeuka njano, nikaenda hospitali mwenyewe. Sista alikuwa mgeni. Aliniletea trei, nikachagua wa silikoni kabla hajamaliza kueleza, nikauinua dirishani, nikafumba jicho moja.

"Unatafuta nini humo ndani?" aliuliza.

"Kutu," nilisema.