Siku Niliyopokea Shikamoo ya Mama Ntandu

Jamani, hili nawasimulia kwa sababu waliokuwepo Shelui siku ile bado wanalisimulia, na wakilisimulia wao linakuwa baya zaidi, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika.

Ilikuwa miaka ile mashirika yalipokuwa yanapunguza watu, ofisi hazitaki tena kuajiri, zinataka mtu wa wiki mbili au wa mwezi, akimaliza aende zake. Pale Singida mjini Mama Ntandu, ambaye alikuwa katibu muhtasi kabla naye hajapunguzwa, akafungua chumba nyuma ya soko, akaweka simu na mashine mbili za chapa, akaanza kupeleka vibarua wa ofisini: wapiga chapa, wapokea wageni, watu wa masjala. Ofisi inamlipa yeye, yeye anatulipa sisi kila Jumamosi. Mimi niliyekimbia shule kidato cha pili, nikawa utingo wa malori Shelui, nikauza chumvi, nikapaka rangi makanisa na misikiti bila kubagua, alinichukua kwa kuwa naijua alfabeti bila kuiimba. Akaniweka masjala ya ofisi moja nipange mafaili kwa shilingi mia nane kwa siku.

Mia nane haikuniuma. Kilichoniuma ni kutojua ofisi inampa yeye ngapi (mimi kitu nisichokijua kinaniwasha kama upupu).

Mchana mmoja mhasibu katoka kwenda kula, simu yake iko mezani, nimebaki peke yangu. Nikawaza, nikimpigia Mama Ntandu nijifanye mteja si atanitajia bei? Nikakaza koo mpaka sauti ikatokea tumboni: "Halo! Mimi ni meneja wa kiwanda cha kukamua alizeti kule Shelui. Nimeingia mjini mara moja tu. Nataka karani wa masjala."

"Shikamoo mzee," akasema Mama Ntandu.

Sasa niambieni, ningefanya nini? Mama yule analingana na mama yangu mzazi, kwetu hata uwe umelewa huwezi kupokea shikamoo ya mtu kama huyo, lakini nisipoitika si atajua anaongea na kijana? Nikasema, "Marahaba, mwanangu." (Hilo la mwanangu lilitoka lenyewe, sikulituma.)

Akanitajia: elfu moja na mia tano kwa siku. Kumbe karibu nusu inabaki kwake! Nikataka kukata simu, lakini ameshachangamka: "Mzee, usihangaike kutafuta. Kesho nakuletea mwenyewe. Nina kijana anaijua Shelui vizuri kabisa."

Kijana gani huyo? nikajiuliza.

Jioni akaja masjala anatabasamu. "Mwanangu, kesho tunakwenda Shelui. Hapa nimeshapata wa kushika nafasi yako." Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Sikusema.

Asubuhi tukapanda basi, nauli katoa yeye, yake na yangu, na shati jeupe kaniazima la mumewe, mikono yake imenifunika hadi vidole. Njiani nikamuuliza kama mzaha, mama, kwani kazi hii inalipa?

"Inalipa wapi! Ofisi zinakaa na hela yangu miezi mitatu. Nyinyi nawalipa Jumamosi kwa kuuza mbuzi. Mbuzi walikuwa kumi na wawili, wamebaki wawili. Huyu wa Shelui akilipa kwa wiki, basi kaniokoa."

Nikageukia dirishani. Tukaanza kupinda milima ya Sekenke, natamani basi liharibike.

Halikuharibika. Pale Shelui mashine ya alizeti niliyoijua ilikuwa moja, nyuma ya mabanda ya mama ntilie, na mwenyewe ni mwanamume wa makamo aliyejaa mafuta mpaka kwenye nyusi. Alipomwona mama akafuta mikono haraka. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Namtafuta meneja. Yule mzee niliyeongea naye jana kwenye simu, nikamwamkia akaitika."

"Meneja hapa ni mimi na mke wangu, na simu hatuna. Kaitika? Shikamoo yako wewe?" Akawageukia watu. "Jamani, njooni msikie! Kuna mtu kapokea shikamoo ya mama huyu!"

Madereva wakaja, mama ntilie mmoja akaja na mwiko mkononi.

"Huyo hakulelewa!"

"Kaokotwa porini huyo!"

"Angekuwa hapa angetutambua!"

Mama Ntandu hamwangalii mtu, kashika pochi yake kwa mikono miwili, na nikajua anachowaza ni wale mbuzi wawili. Ikanishinda.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye meneja. Nilitaka tu kujua bei."

Kisha dereva mmoja aliyenijua tangu utingo akavua kofia, akainama: "Shikamoo mzee!" Wote wakafuata, shikamoo mzee, shikamoo mzee, mpaka kikongwe mwenye mkongojo akaja kuniamkia, na mimi nimesimama na shati la watu, machozi yananilengalenga, sijui niitike au nipige magoti. Nikapiga magoti.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniuliza, mwanangu. Ungeniuliza tu." Heri angenichapa. Nauli ya kurudi nikaitoa mimi, nimeiacha saa yangu rehani kwa yule dereva. Masjala nikakuta yule aliyeshika nafasi yangu wameshampenda, nikarudi sokoni kubeba magunia ya vitunguu, na wabebaji wenzangu wananiita Meneja.

Mwezi ukapita ndipo Mama Ntandu akanikuta pale na mzigo begani. Kuna ofisi nyingine inataka mtu wa masjala, akasema, mia nane kwa siku. "Una swali?"

Nilikuwa nimeshaapa: simu sitaishika tena kwa sauti ya mtu mwingine, na bei nitaiuliza uso kwa uso hata kama mdomo unatetemeka. Nikatua gunia, nikaweka mikono nyuma.

"Shikamoo mama. Ninalo. Wao wanakulipa ngapi?"

Akanitazama mpaka nikadhani nimeharibu tena. Halafu akacheka hadi akajishika ubavu.

"Elfu moja na mia tano," akasema. "Na wewe ukishafika huko, hebu niulizie: wanalipa lini?"