Wavu Uliopimwa Mkavu

Mtaani walimwita Bwana Gramu, na yeye hakuwahi kulikataa jina hilo. Miaka thelathini na minane alikuwa fundi mizani: alitengeneza mizani za wauza nyama, za posta, za kliniki wanakopimiwa watoto wachanga. Alipostaafu aliondoka karakanani na mizani moja ndogo ya kuning'iniza, yenye ndoano chini na namba juu, ikahamia mfukoni mwake moja kwa moja. Ukimletea papai atakushukuru, kisha atalipima mbele yako. Mkewe alikwisha kuzoea.

Furaha yake nyingine ilikuwa mto. Alivua kwa fimbo nyembamba na uzi mrefu, na mwishoni mwa uzi alifunga inzi wa bandia, yaani ndoano ndogo iliyoviringishwa manyoya ya kuku ili samaki aingie mkenge akidhani ni mdudu. Kila Jumamosi asubuhi alisimama ndani ya maji ya baridi yaliyomfika magotini. Mkono wa kulia ulishika fimbo. Samaki akichoka, mkono wa kushoto ulimdaka. Wavu hakuwahi kuwa nao. Aliwacheka wenye nyavu, akisema yeye Mungu amempa kiganja.

Kisha kikaja kiharusi, kikaondoka na mkono huo huo wa kushoto. Miezi minne hakuweza hata kuketi peke yake. Mkewe, aliyestaafu kazi ya kufua shuka za hospitali, alimlisha, akamgeuza, akamwogesha. Ulimi ulirudi, mguu ukarudi, mkono ukarudi nusu. Naye, kwa kuwa ni Bwana Gramu, aliupima: uliweza kuinua gramu mia sita na kuzishikilia mpaka ahesabu kumi. Zikizidi hapo, vidole vilitetemeka na kufunguka vyenyewe. Neno la kumshukuru mkewe alikuwa nalo kooni tangu siku alipotoka kitandani, lakini kila akilikaribia alijikuta anauliza kama chai iko tayari.

Jumamosi ya kwanza aliporudi mtoni alinasa samaki, akainama kumdaka kwa mazoea, mkono ukamkatalia. Akaenda chini yeye, fimbo na samaki, na wakata nyasi waliokuwa jirani ndio waliomtoa. Mkewe hakumfokea siku hiyo, na hilo ndilo lililomtia hofu.

"Tafuta wavu," mkewe alisema huku akimkausha kichwa. "Mkono huo ukiweza kuuinua na samaki ndani, nenda mtoni, sikuzuii. Usipoweza, fimbo mpe kaka yangu."

"Sawa," alisema. Hakulala vizuri wiki ile nzima.

Duka la vifaa vya uvuvi lilikuwa ghorofani, juu ya studio ya picha. Muuzaji alikuwa dada mpole mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Alimtandikia nyavu tatu za mkono juu ya kaunta: mmoja wa duara la mbao, mmoja wa alumini wenye mfuko wa mpira laini, na mmoja wa duara jeusi jembamba wenye mfuko wa nyuzi za pamba zilizofumwa. Bwana Gramu akatoa mizani yake mfukoni, bila haya. Wa mbao, mia tatu na kumi. Wa alumini, mia mbili arobaini na tano. Ule mweusi, mia moja na tisini.

"Huo hata hutausikia mkononi, mzee," alisema dada.

"Namba zimeshasema, mwanangu," alijibu, na akashuka ngazi na wavu mweusi kwapani, anapiga mluzi.

Nyumbani alichukua mche wa sabuni ya kufulia, akaukata, akapima, akakwangua, akapima tena, hadi kipande kikawa gramu mia tatu kamili, uzito wa samaki wa kawaida wa mto ule. Akakitia ndani ya wavu na kuinua kwa mkono wa kushoto. Alihesabu mpaka kumi, kisha akaongeza mbili. Akamtazama mkewe, aliyekuwa anaanua nguo, kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi.

"Kwenye maji sasa," mkewe alisema.

Beseni lilikuwa pale pale. Sabuni ikatumbukizwa, wavu ukafuata. Alipoinua, alifika sita tu. Vidole vikafunguka, wavu ukaanguka, maji yakamrukia viatuni. Akajaribu tena, saba. Mara ya tatu, tano. Akaketi kwenye ngazi ya mlango, amenywea.

"Mpigie kaka yako simu," alisema. "Aje achukue fimbo."

Mkewe hakwenda kwenye simu. Aliuokota wavu, akaupandisha na kuushusha kidogo kiganjani, kisha akaukamua mfuko. Maji yakachuruzika kwa muda mrefu.

"Uliupima mkavu?"

"Ningeupimaje tena?"

"Kwani samaki wako anaishi kabatini?"

Bwana Gramu aliinuka kutoka ngazini. Akautumbukiza wavu, akautundika kwenye mizani: mia tatu na kumi na tano. Aibu ilimshika barabara. Yeye ndiye aliyekuwa akiwagombeza wanagenzi wa karakana miaka yote ile kwamba kitu hupimwa kikiwa katika hali yake ya kazi. Sasa ameshindwa na beseni la nyumbani kwake mwenyewe.

Asubuhi walikwenda dukani wote wawili. Mkewe alisalimia, akaomba ndoo ya maji. Dada wa duka alidhani mama ana kiu, akaleta bilauri. Ilipoeleweka, ndoo ikaja, na nyavu zote zikaingia majini moja baada ya nyingine. Ule wa mbao ukawa mzigo. Ule wa alumini ulitoka na mpira wake unang'aa, ukakung'utwa mara moja, na mizani ikasoma mia mbili na hamsini. Na samaki wa mia tatu, mia tano na hamsini. Bwana Gramu aliisoma namba hiyo mara mbili.

Dada wa duka alikubali kuwapa wa alumini na kuurudisha ule mweusi, japo ulikuwa bado unadondosha maji kwenye kaunta. "Mmenifundisha kazi leo," alisema. "Mama, umejuaje?"

"Shuka za wagonjwa, mwanangu. Kavu unabeba ishirini. Zikilowa, nne zinakutoa jasho."

Jumamosi walikwenda mtoni pamoja. Mkewe aliketi juu ya jiwe pana na mfuko wa machungwa. Bwana Gramu aliingia majini polepole, akarusha uzi, akarusha tena. Ilipita saa nzima kabla uzi haujakaza. Alimwacha samaki ahangaike mpaka akachoka, akashusha mkono wa kushoto, akauteleza wavu chini yake, akainua. Mkono ulitetemeka. Haukufunguka. Alihesabu mpaka kumi kwa sauti, samaki akimpigapiga kwa mkia, kisha akageuka kuelekea ukingoni, macho yamelowa na hayakulowa kwa mto.

"Mpime basi," mkewe alisema, akimenya chungwa. "Najua unakufa kwa hamu."

Mizani ilikuwa mfukoni. Hakuitoa. Alikuwa anafikiria bafu la nyumbani, na mwanamke mmoja wa miaka sitini na mbili akimnyanyua humo kila asubuhi, mwili wote umelegea na maji yanamtiririka, kwa miezi minne.

"Nilikuwa kilo ngapi?" aliuliza. "Ulipokuwa unanitoa bafuni."

Mkewe alimtazama, kisu kimesimama kwenye chungwa.

"Sikupima."

Bwana Gramu aliurudisha wavu majini, akamtoa samaki ndoano, akamwacha aende zake. Kisha akapanda ukingoni, akaketi kando ya mkewe juu ya jiwe, suruali inachuruzika maji.

"Asante," alisema. "Kwa kila asubuhi."

Mkewe alimpa nusu ya chungwa, akasogea kumpa nafasi.