Nyota ya Roketi na Nyumba ya Fundi Baiskeli

Niliacha shule darasa la tano. Mwalimu alichoka maswali yangu, mimi nikachoka fimbo zake. Nilichimba dhahabu karibu na Kharumwa mpaka shimo letu likajaa maji, kisha nikaelekea upande wa Kishapu kuvuna pamba za watu. Mali yangu ilikuwa blanketi moja na redio niliyoipata kwa punje ya dhahabu.

Fundi baiskeli mmoja, Msumbwa kutoka Ushirombo, alinipa kona ya kulala. Yeye pia alikuwa mtu wa kuja, ila wa miaka kumi na miwili, mwenye mke na rozari ukutani. Jioni tulisikiliza redio pamoja. Betri zikichoka alizianika juani juu ya bati la kibanda chake, na kila baada ya muda alitoka kuzigeuza kama mtu anayekausha mihogo.

Siku moja idhaa ya Kiswahili ya nchi ya mbali ilieleza jinsi roketi zinavyopandisha setilaiti angani ili meli zijue njia baharini. Fundi alitaka kujua kwa nini kitu hicho hakianguki. Nilifunga kopo la maji kwenye kamba, nikalizungusha juu ya kichwa, na maji hayakumwagika. Nikamwambia kazi ya roketi ni kuirusha setilaiti kwa mbio za kutosha, basi, mengine inaendelea yenyewe. Akauliza inaionaje meli. Haioni, nilisema. Inapiga kelele tu kwamba mimi niko hapa, saa hizi, na meli inasikia na kujipigia hesabu yenyewe. Fundi alicheka sana. Kumbe ni kama kengele ya kanisa, alisema. Ukiisikia unajua umefika wapi, lakini kengele yenyewe haikujui.

Kilabuni sikueleza hivyo. Kilabuni nilizungusha kopo mpaka walevi wakanyamaza, nikasema Wazungu wamerusha nyota inayojua kila kitu kilipo. Kusikilizwa ni kutamu.

Wiki hiyohiyo kiongozi wa walinzi wa kijiji, tuliyemwita mtemi, aliibiwa ng'ombe wanane. Desturi ilikuwa kwenda kwa mganga aseme walikokwenda, lakini mganga wao alikuwa amekufa kiangazi kile. Wakaja kwangu, pinde mabegani.

"Nyota yako inajua meli ilipo katikati ya maji," mtemi alisema. "Ng'ombe wa nchi kavu watawezaje kuishinda?"

Nilijua jibu la kweli. Nikasema hawataishinda.

Jua lilipozama tulisimama uwanjani. Siku zile kila jioni kitu cheupe kilikatiza angani bila kupepesa. Mpaka leo sijui kama kilikuwa setilaiti au kipande cha roketi kilichoachwa huko juu. Kilipita, kikafifia. Mtemi akauliza kimepotelea wapi. Nilinyoosha kidole, naye akalaza mshale chini, ncha ikielekea huko. Upande ule kulikuwa na mashamba, kilima, na vijiji ambavyo usingevimaliza kwa kutembea siku nzima. Lakini nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi.

"Mtu wa kuja," mmoja wao alisema, kana kwamba kesi imekwisha.

Asubuhi walimkalisha chini mbele ya kibanda chake. Alikana. Kisha akanitafuta kwa macho, akaniambia kwa upole, kama anayeomba nimpe spana:

"Mwanangu, waambie ile ya kengele."

Wote walinigeukia.

"Kengele gani, msomi?" mtemi aliuliza.

Niliziona pinde. Niliona pia kwamba nikieleza nitakuwa mwongo mbele ya kijiji kizima, na zamu itakuwa yangu. Nikasema sijui anazungumzia nini.

Walimpiga mikono, kwa kuwa mikono ndiyo inayoiba. Walitumia pampu yake mwenyewe. Nilisimama pale mpaka mwisho, maana kuondoka kungeonekana vibaya.

Siku ya nne ng'ombe walipatikana upande mwingine kabisa, kwa mpwa wa mtemi. Hakuna aliyekwenda kumwomba fundi radhi. Mtemi alisema nyota haikukosea, mshale ndio ulioteleza, akanipa jogoo kwa kazi yangu. Nilimla.

Kisha nikaenda kuchukua blanketi. Fundi alikuwa amelala akitazama ukuta, vidole vyake vimenyooshwa kwa spoki za baiskeli na kufungwa matambara. Mkewe hakuitikia shikamoo yangu. Alinitupia blanketi, akaonyesha bati kwa kidevu.

"Betri zako bado ziko juani. Alizianika asubuhi ile."

Nilizichukua. Zilikuwa na moto upande mmoja tu.